"Leteni kwa Word" Ni Agizo Nusu

Agizo la kazi ya darasani linalosomeka "iletwe kwa Word, isizidi kurasa kumi" lina kasoro mbili kabla mwanafunzi hajaandika hata sentensi moja. Kwanza, Word ni jina la programu, wala si aina ya faili. Programu hiyo moja huweza kuhifadhi andiko lilelile kama .docx, .doc, .rtf, .odt, .pdf au .txt, na kila aina ina tabia zake. Pili, idadi ya kurasa haimo ndani ya andiko. Inategemea fonti, ukubwa wa karatasi na mashine iliyolifungua. Insha iliyokuwa kurasa kumi kwenye kompyuta ya maktaba yaweza kutokea kurasa kumi na moja kwenye simu ya mhadhiri, na hapo hakuna aliyedanganya.

Gharama ya agizo bovu humwangukia mwanafunzi. Faili lisipofunguka, anahesabiwa hajawasilisha. Mistari ikihama, anahesabiwa mzembe. Ndiyo maana tunashikilia kwamba aina ya faili ichaguliwe kwa kuangalia mpokeaji anataka kulifanyia nini: kulisoma tu, kuandika masahihisho ndani yake, au kufuatilia hesabu zake. Kwa kusoma, PDF. Kwa kusahihisha, .docx. Kwa hesabu, .xlsx. Mwalimu asiposema, mwanafunzi amuulize swali hilohilo badala ya kumuuliza anatumia Word ya mwaka gani.

Vurugu hii ina historia fupi. Hadi toleo la 2003, Word ilihifadhi kwa .doc, muundo wa Microsoft ambao kwa miaka mingi watengenezaji wengine walilazimika kuufumbua wenyewe kwa kujaribu na kukosea. Office 2007 ikaleta .docx. Kufikia hapo .odt, muundo wa wazi unaotumiwa na programu huria za ofisi, ilikuwa imeshatangulia: shirika la OASIS liliipitisha mwaka 2005 na ISO, shirika la viwango la kimataifa, ikaifanya kiwango mwaka 2006. Muundo wa .docx nao ulipitishwa na Ecma, shirika jingine la viwango, mwishoni mwa 2006, kisha na ISO mwaka 2008. Kwa hiyo mhadhiri anayekataa .odt kwa hoja kwamba "si rasmi" amekosea, maana ilipata urasmi huo kabla ya .docx. Tena Word yenyewe inafungua .odt tangu marekebisho ya Office 2007 yaliyotoka mwaka 2009. Hata hivyo hatumshauri mwanafunzi aupiganie ukweli huo siku ya mwisho ya kuwasilisha. Atume .docx, mjadala aupeleke kwenye baraza la wanafunzi.

Kwa waliosahau, programu huria za ofisi si wageni kwetu. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Programu iliyoendeleza ukoo huo leo ni LibreOffice, iliyojitenga mwaka 2010. Ipo pia Apache OpenOffice, na hapo pana mtego: inasoma .docx lakini haiwezi kuhifadhi kwa .docx. Mwanafunzi aliyeipakua kwa kudhani ni ileile LibreOffice hujikuta ana chaguo la .odt au la .doc ya zamani. Aiondoe, aweke LibreOffice, ambayo ni bure vilevile.

Sasa tuingie ndani ya faili lenyewe, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kutojua limejengwaje. Faili la .docx ni furushi la ZIP. Chukua nakala, badilisha .docx iwe .zip, fungua, na utakuta folda iitwayo word. Ndani yake kuna document.xml yenye maneno yako, styles.xml yenye mitindo ya vichwa na aya, na folda ya media yenye picha zote. Faili la .odt nalo ni furushi la ZIP, ila maneno yake yamo kwenye content.xml na mpangilio wake ni mwingine kabisa. Ndiyo sababu kubadilisha jina kutoka kazi.odt kuwa kazi.docx hakubadilishi chochote ndani. Word ikifungua na kukosa vile ilivyovitarajia, italalamika kwamba faili limeharibika, na mhadhiri ataamini. Kubadilisha aina ya faili ni lazima kufanyike ndani ya programu: fungua andiko, bonyeza F12 kwenye Word au Ctrl+Shift+S kwenye LibreOffice, kisha chagua aina kwenye orodha iliyo chini ya jina.

Muundo huohuo wa ZIP unaeleza ajali nyingine inayoonekana kila msimu wa mitihani. Orodha ya vitu vilivyomo kwenye ZIP huandikwa mwishoni mwa faili. Flashi ikichomolewa kabla kunakili hakujaisha, au mtandao ukikatika katikati ya kupakia, kinachokosekana ni ule mkia wenye orodha. Faili la .txt lililokatika bado linasomeka hadi pale lilipokatikia, lakini .docx iliyopoteza mkia haifunguki hata kama sehemu kubwa ya maneno imo. Kwa hiyo kwenye Windows tumia kitufe cha kuondoa flashi kwa usalama, na kabla ya kutuma angalia ukubwa wa faili. Insha yenye picha inayoonyesha KB 0, au yenye ukubwa mdogo mno kuliko nakala ya kompyuta, haijanakiliwa. Ikishaharibika, jaribu kuifungua kwa LibreOffice, ambayo mara nyingi hujitolea kulikarabati faili na kuokoa sehemu iliyobaki. Ikishindikana, jaribu kulifungua furushi kwa programu ya ZIP yenye uwezo wa kukarabati, ukaone kama document.xml au picha zinapatikana. Si dawa ya uhakika, lakini inaokoa usiku mmoja wa kuchapa upya.

Tukiwa bado kwenye majina: Windows huficha herufi zinazofuata nukta ya mwisho. Zionyeshe kwa kufungua File Explorer, sehemu ya View, na kuweka alama kwenye "File name extensions". Faida yake ni kubwa kuliko inavyofikiriwa. Utaona kwamba faili uliloandikiwa "insha.docx" kwa mkono kumbe ni insha.docx.odt. Utaona pia kwamba ile "Insha" iliyotokea kwenye flashi baada ya kupita steshenari ni .exe, yaani kirusi kilichovaa jina la kazi yako, huku kazi halisi ikiwa imefichwa. Usikibofye. Washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, chukua lililo lako, na flashi isafishwe kwa programu ya kuzuia virusi kabla haijaingia mashine nyingine.

Simu ndiyo kompyuta ya wanafunzi wengi wa ukanda huu, na simu ina adabu zake. WPS Office huhifadhi kwa .docx, lakini toleo lake la kompyuta lina muundo wake wa asili unaoishia na .wps. Ukiuchagua bila kujua, Word ya mhadhiri huenda isiufungue. Pages ya iPhone na Mac nayo huhifadhi kwa .pages, lazima utumie "Export" na kuchagua Word au PDF, kwani Turnitin, mfumo wa kukagua kazi zilizonakiliwa, pia haipokei .pages. Google Docs ni tofauti zaidi, maana andiko lake halikai kama faili kwenye simu. Kile kitu kinachoishia na .gdoc unachokiona kwenye kompyuta yenye Google Drive ni kiungo tu, hakina hata neno moja la insha, na kukinakili kwenye flashi ni kunakili anwani. Kwenye programu ya Google Docs ya simu, fungua nukta tatu, nenda "Share & export", chagua "Send a copy", kisha PDF au Word. Usitume kiungo, labda mwalimu amekitaka. Kiungo ambacho hakijafunguliwa ruhusa humpeleka mhadhiri kwenye ukurasa wa kuomba ruhusa, na ombi hilo huja kwako saa tano usiku ukiwa umelala.

Linalopoteza alama kimyakimya kuliko yote ni fonti. Faili la .docx kwa kawaida halibebi fonti. Linabeba jina lake tu. Agizo likisema Times New Roman ukubwa wa 12 na nafasi ya 1.5, faili litaandika jina hilo hata kama simu ya Android uliyotumia haina fonti hiyo. Unachokiona kwenye skrini ni fonti nyingine iliyokaimu. Kaimu huyo akiwa na herufi pana zaidi, mistari inakatika mahali pengine, aya zinarefuka, na jedwali linasukumwa ukurasa wa pili. Calibri ilikuwa fonti ya kuanzia ya Word tangu 2007. Matoleo mapya yanaanza na Aptos, na kompyuta yenye Office 2016 haina Aptos, kwa hiyo itaweka nyingine.

LibreOffice imelishughulikia hili vizuri kuliko inavyosifiwa. Inakuja na Liberation Serif, ambayo upana wa kila herufi yake ni sawa na wa Times New Roman, na Carlito, inayolingana hivyohivyo na Calibri. Umbo la herufi hutofautiana kidogo, lakini mstari unakatika palepale. Mwenye LibreOffice anayeandika kwa Times New Roman au Liberation Serif hana sababu ya kuogopa kurasa kuhama kwa ajili ya fonti. Mwenye Word anayelazimika kutuma .docx yenye fonti isiyo ya kawaida, kwa mfano kwa somo la isimu lenye alama za matamshi, aende File, Options, Save, aweke alama kwenye "Embed fonts in the file". Faili litakuwa zito zaidi, lakini alama hazitageuka visanduku vitupu.

Karatasi nayo. Afrika Mashariki tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Programu nyingine za simu huanza na Letter ya Marekani, takriban milimita 216 kwa 279. Tofauti ya urefu ni milimita 18, kama mistari miwili na nusu ya nafasi ya 1.5. Kwenye skrini huioni. Kwenye printa ya steshenari utaiona pale mashine itakaposimama ikidai karatasi ya Letter ambayo hakuna duka jirani linaloiuza. Badilisha kabla ya kuandika neno la kwanza, kwani ukibadilisha mwishoni kila jedwali litahitaji kuangaliwa upya.

Kuna waandishi wanaojiharibia wenyewe. Kusogeza kichwa katikati kwa kubonyeza nafasi mara ishirini, kuruka ukurasa kwa kubonyeza Enter mpaka chini, kuchora yaliyomo kwa nukta nyingi na kuandika namba za kurasa kwa mkono: yote hayo hushika kwenye mashine moja tu. Tumia kitufe cha kuweka katikati, Ctrl+Enter kwa ukurasa mpya, na mitindo ya Heading 1 na Heading 2 kwa vichwa, ili yaliyomo yatengenezwe na programu na kusasishwa kwa kubonyeza. Mitindo hii huvuka salama kati ya Word, LibreOffice, WPS na Google Docs. Visanduku vya maandishi vinavyoelea, michoro iliyounganishwa na mishale, na SmartArt, yaani michoro ya tayari ya Office, havivuki vizuri. Vikilazimu, vigeuze kuwa picha moja na uiweke "In line with text".

Kuhusu .doc ya zamani, sababu ya kuidai imekwisha. Word ikihifadhi kwa .doc, milinganyo ya hesabu hugeuka picha na SmartArt hugeuka picha, kwa hiyo mwalimu hawezi kurekebisha hata alama moja. Ofisi inayodai .doc kwa sababu ina mashine moja yenye Word 2003 inawatoza wanafunzi mia gharama ya kompyuta moja, ambayo ingetibiwa kwa kuweka LibreOffice bure. Upande wa pili, mwenye faili la zamani lenye milinganyo ya Equation Editor 3.0 ajue kwamba Microsoft iliiondoa sehemu hiyo Januari 2018 kwa sababu za usalama. Mlinganyo bado unaonekana, lakini kuuhariri ndani ya Word mpya kunataka uugeuze kwanza kuwa mlinganyo wa muundo mpya au uuandike upya.

PDF ndiyo jibu la kazi iliyokamilika. Inabeba fonti zake, karatasi yake, na mikato ya mistari yake. Muundo huu wa Adobe wa mwaka 1993 ni kiwango cha ISO tangu 2008, na hakuna simu ya kisasa isiyoufungua. Lakini njia ya kuutengeneza ina uzito. Kwenye Word tumia "Save As" ukachagua PDF. Kwenye LibreOffice tumia "Export as PDF". Usipitie "Microsoft Print to PDF" kama una njia nyingine. Njia ya printa hutoa kurasa zinazofanana kwa macho lakini hupoteza viungo na muundo wa vichwa, na mwalimu au mwanafunzi asiyeona anayetegemea programu ya kusoma skrini hubaki na mkondo wa maneno usio na vichwa. Kabla ya kuhamisha, kubali au kataa masahihisho yote yaliyofuatiliwa na ufute maoni ya pembeni. Vinginevyo PDF huenda ikatoka na mistari myekundu na sentensi ya mwenzako isemayo "hapa sijaelewa ulichomaanisha".

Picha ya ukurasa uliopigwa kwa simu na kuwekwa kwenye PDF ni mkasa mwingine. Kwa jina ni PDF, ila ndani hamna herufi, mna picha. Turnitin inahitaji maandishi yanayosomeka, angalau maneno 20, na faili lililo chini ya MB 100. PDF ya picha tupu huikataa. Jipime hivi: fungua PDF, jaribu kuchagua neno moja kwa kidole au kipanya. Likichagulika, kuna maandishi. Kazi za mkono za hesabu na michoro zina haki ya kuwa picha, na hapo mwalimu asizipitishe Turnitin.

Uzito nao usipuuzwe, kwa ajili ya mfumo na kwa ajili ya bando. Picha moja ya simu hufika MB 3 hadi 5. Kumi na mbili kati yake ndani ya ripoti ya mazoezi kwa vitendo huweza kufanya faili la MB 36 hadi 60. Moodle, mfumo wa kuwasilishia kazi mtandaoni, hupokea kadiri msimamizi alivyoruhusu, na mpangilio wa awali wa PHP, lugha inayoiendesha, ni MB 2 tu kwa faili. Kwenye Word bofya picha yoyote, nenda "Compress Pictures", ondoa alama ya "Apply only to this picture", chagua ppi 150. Inatosha kwa kusoma na kwa kuchapa. Kwenye LibreOffice, dirisha la kuhamisha PDF lina sehemu ya kupunguza picha. Ubora wa JPEG wa asilimia 80 na DPI 150 hauonekani tofauti kwenye karatasi.

Kwa nini basi mwalimu asidai PDF kwa kila kitu? Kwa rasimu, PDF ni kikwazo. Msimamizi wa utafiti anataka kufuta, kuongeza na kuacha maoni ambayo mwanafunzi atayakubali au kuyakataa moja moja, na kazi hiyo ni ya .docx. Kwa kusahihisha tu, hata hivyo, Moodle ina zana ya kuandika juu ya PDF ndani ya kivinjari; .docx huonekana humo iwapo tu msimamizi ameweka kigeuzi. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili anayepakua .docx mia mbili na kuzifungua moja moja anajitesa bure.

Jambo la Kiswahili chenyewe. Word hugeuza alama ya ng' kuwa ritifaa iliyopinda. Ndani ya .docx haina shida. Lakini ukihifadhi kama maandishi matupu na programu ya pili ikayasoma kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi kama namba) usio sahihi, ng’ombe anageuka ngâ€™ombe, na ng’ambo vivyo hivyo. Hiyo ni dalili ya UTF-8 iliyosomwa kama Windows-1252. Wakati wa kuhifadhi .txt au .csv chagua UTF-8 waziwazi, na upande wa kufungua uchague UTF-8 pia. Notepad ya Windows inaanza na UTF-8 tangu toleo la Mei 2019 la Windows 10. Kompyuta za maabara zenye Windows 7 bado zinaanza na usimbaji wa zamani, ANSI.

Kazi za kikundi ndiko mafaili huharibikia taratibu. Mmoja anaandika kwa WPS, wa pili anafungua kwa Google Docs, wa tatu anahifadhi kwa .odt, wa nne anarudisha .docx. Kila tafsiri kutoka muundo mmoja hadi mwingine huacha kitu: namba za aya, tanbihi, marejeo ya Zotero (programu ya kutunza marejeo). Kanuni yetu ni kuchagua muundo mmoja tangu siku ya kwanza, nao uwe .docx iwapo hata mwanakikundi mmoja ana Word. Mwenye LibreOffice aende Tools, Options, Load/Save, General, na kuweka .docx kama muundo wa kuhifadhi daima. Kwa anayefanya kazi peke yake kwenye LibreOffice ushauri ni kinyume: aandike kwa .odt hadi mwisho, kisha ahamishe mara moja tu. LibreOffice ina hata chaguo la "Hybrid PDF", linaloficha .odt nzima ndani ya PDF, ili faili moja lisomeke popote na bado liharirike kwenye LibreOffice. Chaguo hilo halijulikani, na ni hasara.

Wanaotumia Zotero wasikabidhiane hivihivi. Marejeo ndani ya Word na ndani ya LibreOffice huhifadhiwa kwa namna tofauti, na kuhamisha bila maandalizi huyaua: yanabaki maneno yasiyojisasisha. Ndani ya "Document Preferences" ya Zotero kuna kitufe cha kubadili programu ya uandishi. Kibonyezwe kabla ya kuhama, si baada.

Tusisahau jina la mwandishi. Kwa kawaida .docx huwa na sehemu ya "Author" inayochukua jina la mwenye mashine iliyoanzisha faili. Kazi iliyochapwa steshenari hubeba jina la steshenari, na kazi iliyoanzia kwenye kiolezo cha mwaka jana hubeba jina la mwenye kiolezo. Mwanafunzi aende File, Info, akarekebishe. Mhadhiri naye asilichukue jina hilo kama ushahidi wa kunakiliana. Linaonyesha faili lilianzia kwenye mashine ya nani, basi.

Jedwali la hesabu linataka ukali wa aina nyingine. Kazi ya uhasibu au takwimu ikitumwa kwa PDF, fomula hazionekani, kwa hiyo mwalimu anaona jibu bila njia. Itumwe kwa .xlsx. Muundo wa .csv huhifadhi karatasi moja tu ya kitabu, bila fomula wala rangi, na Excel ikiifungua huzila sifuri za mwanzo: namba ya simu 0712 inageuka 712, namba ya usajili hivyohivyo. Ingiza .csv kupitia "From Text/CSV" na uiambie safu hiyo ni maandishi. Tarehe nazo: 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwetu, ila kompyuta yenye mpangilio wa Marekani husoma 4 Machi. Ukiandika 2024-04-03 hakuna wa kubahatisha. Fomula ya XLOOKUP, ya kutafuta thamani kwenye jedwali, haimo kwenye Excel 2019, na ikikokotolewa upya huko hutoa #NAME?; mwenye shaka atumie INDEX na MATCH.

Atakayeona haya ni mambo madogo akumbuke Uingereza, Oktoba 2020. Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya huko, ilikuwa ikipokea matokeo ya vipimo vya UVIKO-19 na kuyapitisha kwenye .xls, muundo wa zamani unaokoma kwenye mistari 65,536, wakati .xlsx inafika 1,048,576. Mistari iliyozidi ikakatwa kimya. Wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Faili lilifunguka vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa aina yake.

Agizo zuri la kazi, kwa hiyo, linaweza kuandikwa kwa mistari michache: "Wasilisha PDF yenye maandishi yanayochagulika, karatasi ya A4, maneno 2,500 hadi 3,000, isizidi MB 5, jina la faili liwe namba ya usajili na msimbo wa somo. Tunza .docx au .odt yako hadi matokeo yatoke, unaweza kuombwa." Angalia kwamba kipimo ni maneno, wala si kurasa. Msimamizi wa Moodle anaweza pia kuweka aina za faili zinazokubaliwa, ili mfumo ukatae .pages papo hapo badala ya mhadhiri kuigundua wiki mbili baadaye. Mwanafunzi kwa upande wake, akishapakia, alipakue faili lilelile kutoka kwenye mfumo na kulifungua kwenye kifaa kingine. Nakala iliyo kwenye kompyuta yake haithibitishi chochote kuhusu iliyofika.

Tasnifu zina hitaji la ziada, kwa sababu maktaba inakusudia zisomeke baada ya miaka mingi. Huko kinachofaa ni PDF/A, ambayo sehemu yake ya kwanza ilikuwa kiwango cha ISO mwaka 2005. Inalazimisha fonti zote ziwemo ndani na inakataza nenosiri. Toleo la kwanza, PDF/A-1, halikubali picha zenye uwazi, kwa hiyo nembo ya chuo yenye mandhari ya uwazi hubadilishwa wakati wa kuhamisha na inafaa kukaguliwa. Kwenye Word, dirisha la kuhifadhi PDF lina kitufe cha "Options", na ndani yake mna chaguo la "PDF/A compliant". Kwenye LibreOffice ni "Archive (PDF/A)" kwenye dirisha la kuhamisha. Humo chagua PDF/A-2b, inayokubali uwazi, isipokuwa maktaba imetaja nyingine.